Mkia wa Neno

Tunduma, Sogea
3 Machi 1995

Wifi Ruti,

Habari za huko Mbozi Misheni, na Mama anaendeleaje na miguu yake? Sisi tupo. Mercy ana kikohozi cha mvua hizi, na mimi tumbo limeingia mwezi wa saba, navaa kandambili za Osward maana viatu vyangu havinienei tena.

Nakuandikia kwa sababu ya huyo kaka yako. Mwezi uliopita aliondoka hapa na lori la mchele wa Kamsamba kwenda kuuza Kasama, akasema hatakawia. Tuliachana vibaya, sikufichi. Hapendi nisome Kiingereza jioni pale kwenye ukumbi wa kanisa. Alisema mwanamke anayetaka kuelewana na Wazambia kuliko na mumewe ana jambo lake. Nikamjibu kwamba nusu ya wateja wangu wa vitenge wanatoka Nakonde, na si wote Wanamwanga wenzetu, nami siwezi kuuza kwa kuonyeshana vidole. Akaondoka bila kunywa chai.

Jana dereva mmoja wa teksi kaniletea kikaratasi kutoka ng'ambo. Amoni wenu, yule mtoto wa mama mdogo anayeishi Kasama, alipiga simu duka moja la Nakonde akaomba tufikishiwe ujumbe. Binti wa dukani akauandika kwa Kiingereza, mwandiko kama kuku kaparura. Nilivuka kwenda kumuuliza, nikaambiwa kasafiri kwao Ndola. Basi nimeusoma mwenyewe: Osward mission since Tuesday. Yaani Osward yuko misheni tangu Jumanne.

Misheni anayoijua Osward ni hiyo unayoishi wewe. Kwa hiyo nimeelewa kwamba alirudi kimya kimya, akapita Tunduma hii hii bila kugonga mlango wake, akaja kwa Mama kunishtaki. Imeniuma, lakini heri hivyo. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo mengine, mabaya zaidi.

Mwambie sina hasira. Mwambie hata darasa nitaliacha, kama ndilo hilo tu. Kikaratasi nimekitia humu umwonyeshe, asije akakana.

Wifi yako,
Fides


Mbozi Misheni
7 Machi 1995

Mama Mercy mpendwa,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta. Mama hajambo, anakusalimu.

Osward hajafika hapa. Lakini usishtuke. Misheni ziko nyingi, wifi yangu, na Zambia zipo pia, za kila kanisa. Huenda amepata kibarua kwenye mojawapo, kujenga au kubeba mbao, na unamjua kaka yangu akishanunua hasira hairudishi dukani haraka. Atakuja.

Nina maombi mawili. La kwanza, usivuke mpaka kwenda kumtafuta. Barabara za kule ni mbaya, na mimba yako ile nyingine tuliizika mimi na wewe. La pili, hilo darasa pumzika nalo kwanza. Si kwamba nakubaliana na Osward. Jioni kuna matope, utateleza.

Kikaratasi nimekihifadhi.

Ruti


Mbozi Misheni
7 Machi 1995

Mdogo wangu Amoni,

Nimemwomba dereva wa lori la mbolea akufikishie barua hii huko Kasama, mkononi mwako. Jibu lako lije kwangu. Tunduma usipeleke hata neno moja.

Ujumbe wako kwa Fides ulifika ukiwa umevunjika. Yeye kausoma kwamba Osward yuko misheni, na mimi nikausoma hivyo hivyo. Niliposoma barua yake nilikuwa na Mama, nikamsomea kwa sauti, tukacheka kidogo kwamba mwanamume mzima kakimbilia kwa mama yake. Halafu nikangoja aingie. Jioni ikafika. Ndipo nikakipeleka kikaratasi kwa jirani yangu Conjesta, muuguzi. Alikisogeza dirishani akakaa nacho kitambo, kisha akaniambia nifunge mlango.

"Hii si o, Ruti. Ni n. Na hii ya mwisho ni g. Ameandika missing. Maana yake haonekani, hajulikani alipo."

Nilikaa chini, Amoni. Neno lilikuwa lile lile, kichwa kile kile, urefu ule ule.

Fides ana mimba ya miezi saba na ameshapoteza moja. Sikuweza kumwandikia ukweli. Nimemdanganya, nimemwambia atakuwa kwenye misheni nyingine. Na Mama siwezi kumwambia pia, presha ile iliyomtoa kijijini Itaka akaja kutibiwa hapa bado haijatulia. Ila sasa Mama anaamini mwanawe yuko hapa hapa. Kila asubuhi anajikokota na fimbo yake mpaka langoni, anakaa kwenye jiwe, anauliza kila anayepita kama amemwona Osward. Mvua inamnyeshea, harudi. Jana aliniuliza kwa nini namficha mtoto wake.

Niambie ukweli wote. Nimejiandaa, ingawa si kweli kwamba nimejiandaa.

Dada yako,
Ruti


Kasama
13 Machi 1995

Ba Dada Ruti, mukwai,

Nisamehe Kiswahili changu, kimechakaa huku.

Osward hakufika Kasama kabisa. Ninayokuambia nimeyasikia kwa dereva wa lile lori. Walikuwa wamepita Isoka, usiku, wanaume wanne juu ya magunia. Mbele wakaona taa za kizuizi cha polisi. Vibali vyao vilikuwa vile vya kuvukia mpakani tu, haviruhusu kufika mbali namna ile. Mmoja akasema tutafungwa. Wakaruka wote, wakaingia porini. Dereva anasema alisikia mlio mmoja wa bunduki. Mmoja tu. Hajui ulielekezwa juu au chini. Wenzake watatu walijitokeza asubuhi barabarani. Osward hakutokea. Walikuta kiatu chake kimoja kwenye matope karibu na mto, na mto umejaa.

Nimezunguka vituo vya polisi viwili. Nimetaja jina lake, wakapekua vitabu vyao, wakasema hawana mtu wa jina hilo. Kilichobaki ni chumba cha maiti cha hospitali kubwa ya Isoka. Nilifika mpaka mlangoni, dada. Nikarudi. Nikaenda tena siku ya pili, nikarudi tena. Nasubiri mtu wa kuingia naye.

Huyo mke wake asiambiwe. Umefanya vizuri.

Amoni


Tunduma, Sogea
16 Machi 1995

Dada Ruti,

Leo sikuiti wifi.

Jana nilikwenda darasani. Mwalimu wetu, Balthazar, ana namna yake ya kutufundisha sisi watu wa sokoni. Anachukua maneno yanayoanza sawa na yenye herufi idadi moja, anayapanga ubaoni, moja chini ya jingine. Border na borrow, mpaka na kukopa. Receipt na receive, risiti na kupokea. Anasema macho yetu yanakula kichwa cha neno na kuacha mkia, na huko mkiani ndiko tunakoibiwa.

Jana akaandika mission. Chini yake akaandika mistake, kosa. Chini yake mislead, kupotosha. Halafu missing. Nilikuwa nanakili tu. Nilipofika hilo la mwisho mkono ukasimama. Yale maandishi ya kuku yalinijia machoni, nikaona ule mkia uliokuwa unaning'inia chini ya mstari. Mission haina herufi ya kuning'inia, dada. Nikanyoosha mkono nikauliza maana. Mwalimu akatoa mfano: mtoto amepotea, wazazi wake hawajui yuko wapi, he is missing. Darasa zima wakarudia kwa sauti. He is missing. Na mimi nikarudia nao, maana nilikuwa sijui nifanye nini kingine.

Nilipofika nyumbani nikaisoma upya barua yako. Unaniambia nisivuke. Unaniambia nipumzike na darasa, kuna matope. Matope, dada? Wewe ulijua. Wiki nzima nimelala nikimkasirikia mtu ambaye huenda amelala chini ya udongo. Nimekuwa nikijiandaa maneno ya kumpasha atakaporudi. Ulinipa hasira ili unipumzishe hofu, na sasa nina vyote viwili.

Mercy atabaki kwa jirani yangu Felista. Kesho kutwa navuka.

Fides


Mbozi Misheni
18 Machi 1995

Wifi yangu, na nitakuita hivyo hata usiponijibu,

Ni kweli nilijua. Nilikumbuka ile siku tulipokifunika kile kitoto na kanga yako ya harusi, nikasema safari hii sitakuwa mimi wa kukuletea habari. Sikukuona mjinga. Nilikuogopa. Ninaogopa kila kitu siku hizi. Kondakta akisimama mlangoni na barua, nakimbilia jikoni kabla sijajua imetoka wapi.

Mama ameumwa. Alinyeshewa langoni akapata homa ya mapafu, amelazwa wodini, na hata wodini anawauliza wauguzi Osward amelazwa kitanda gani. Conjesta ananitazama, mimi natazama ukuta. Siwezi kumwacha nikaja kukuzuia. Ningeweza, ningekuja nikajilaza mlangoni kwako.

Humu nimeweka barua ya Amoni. Isome ukiwa umekaa. Sifichi tena. Kama lazima uende, usiende bila yeye, na usiingie kile chumba cha hospitali peke yako.

Ruti


Nakonde
27 Machi 1995

Wifi,

Nilikuwa nimeapa nisikuite hivyo. Ninaandika nikiwa nimeegemea ukuta wa stendi, usijali mwandiko.

Barua yako ilinikuta sijavuka, nikaahirisha mpaka nikampata Amoni, akanipokea Isoka. Tulianza na kile chumba. Amoni alishika mkono wangu kama mtoto, tukaingia. Walikuwa wanaume watatu wasio na watu wao. Mtumishi aliinua shuka la kwanza, siye. La pili, siye. Kwa la tatu alituonya kwamba huyu alitolewa mtoni. Nilitazama miguu kwanza, wifi, kwa sababu miguu ya Osward naijua, ile kucha iliyokufa alipoangukiwa na gunia. Siye. Nilishukuru Mungu, halafu nikaona aibu, maana yule naye ana mke mahali.

Baada ya hapo tukaenda vituo. Nilimwambia Amoni tusitaje jina tu, tueleze mtu alivyo. Vituo viwili hawakujua lolote. Cha tatu kilikuwa kidogo, kando ya barabara, mvua inapiga bati mpaka husikii unachosema. Askari wa pale si mtu wa huku, ametoka mbali magharibi, hajui Kinamwanga wala Kibemba, ni Kiingereza tu. Nikamwelezea kwa maneno yangu machache: mrefu, kovu kwenye nyusi, kiatu kimoja. Aliposikia kiatu kimoja akainua kichwa. Akasema maneno mengi upesi. Amoni akageuka akaniambia tumepata bahati, wamempeleka kastamu, yaani wamemrudisha mpakani, twende Nakonde upesi. Basi lilikuwa limesimama nje linapakia. Amoni ameshakamata begi langu.

Na mimi nilisikia hivyo hivyo. Custo. Mwisho wake ulimezwa na mvua. Nilikuwa nimeshapiga hatua kwenda nje, kisha nikaogopa. Sijui nikuelezeje. Niliogopa lile neno kama unavyoogopa mbwa aliyewahi kukung'ata. Nikarudi kaunta nikamwomba askari aniandikie. Amoni ananiita kutoka nje, basi linapiga honi. Askari akaandika kwenye ukingo wa gazeti lake. Neno customs nalijua, limeandikwa kwa herufi kubwa pale mpakani, nalipita kila wiki. Hili lilianza hivyo hivyo, lilikuwa refu hivyo hivyo, lakini mwishoni lilikuwa na d na y. CUSTODY. Sikuwa nimewahi kuliona. Nilichojua ni kwamba silo lile.

Nikaweka kidole juu yake nikamwambia, "This one, I don't know."

Akanitazama. Akaweka kalamu chini, akakutanisha vifundo vya mikono yake, kimoja juu ya kingine, kama mtu aliyefungwa pingu. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa mjini, mbali na Nakonde kabisa.

Amefungwa, wifi. Mahabusu. Yuko hai.

Tuliacha basi liondoke. Kesho yake tulimkuta. Alikamatwa kijijini siku mbili baada ya kuruka, mkono umevunjika kwa kuangukia korongoni, na kwa hofu aliwaambia yeye ni Mzambia, jina lake Mulenga. Ndiyo maana hakuna kitabu kilichokuwa na Osward. Kibemba chake kikamsaliti kwamba ni mgeni, ila jina lake na nchi yake hakutaja, na sasa ana kesi ya kuingia bila kibali na ya kudanganya jina. Mahakama ilisema wiki hiyo hiyo angehamishiwa gereza la Kusini, chini ya jina hilo la uongo. Kama tungepanda lile basi tungekuwa tunamtafuta Mulenga gani, kati ya akina Mulenga wa Zambia nzima?

Nimemwona kwa dakika chache tu, kupitia dirisha la waya. Amekonda. Hakusema mengi. Amoni anabaki kushughulika na wakili wa kanisa la pale. Mimi narudi kwa Mercy. Mtoto tumboni anacheza.

Mwambie Mama ukweli. Sasa unabebeka.

Fides


Mbozi Misheni
31 Machi 1995

Wifi yangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa hata baadaye.

Nimemwambia Mama. Nilimweleza yote, pori, kiatu, jina la uongo, mkono. Nilitegemea apaze sauti. Aliomba uji, ukaja akanywa nusu. Kisha akasema, "Nilijua hayupo hapa. Angekuwa hapa angekuja kunisalimia." Nikamuuliza kwa nini basi alikaa langoni kwenye mvua siku zote zile. Akasema, "Ningefanya nini kingine, na wewe ulikuwa unalia jikoni ukidhani sisikii?"

Kwa hiyo tulikuwa tunafichana, wote watatu, kila mmoja kwenye kona yake.

Homa imeanza kushuka.

Ruti


Tunduma
7 Mei 1995

Dada Ruti,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu yule wakili wa kanisa anitoe nikarudi nyumbani, usishangae ikiwa fupi au ikiruka ruka. Mkono umeungwa lakini umepinda kidogo.

Nashukuru ulivyomleta Mama mpaka hapa. Najua ingenipasa mimi kuja. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza basi lilipokaribia kile kizuizi cha njiani, nilimwambia kondakta nashuka, nikarudi Tunduma kwa miguu nikipita mashambani. Mara ya pili sikufika hata stendi. Mtu akigonga mlango kwa nguvu najikuta nyuma ya nyumba, na sikumbuki nilitokaje. Mercy anadhani ni mchezo, ananifuata huko akicheka. Mtoto mchanga hajambo, amechukua pua ya Mama. Fides anataka aitwe Isaka, nami nimekubali.

Fides anakwenda darasani. Jioni nampeleka mimi, nakaa kwenye benchi la nje mpaka watoke. Sisemi kwamba namlinda. Ni kwamba siwezi kubaki nyumbani peke yangu giza likiingia.

Kuna jambo ambalo yeye hakukuandikia, kwa sababu halijui lote, na sijaweza kumwambia usoni. Nakwambia wewe.

Siku ile Fides na Amoni waliponijia, sisi tulikuwa wengi mle mahabusu. Nilikuwa nimeshaitwa Mulenga muda mrefu. Nilikula kama Mulenga, nikapangiwa zamu ya ndoo kama Mulenga. Kila usiku nilijikumbusha kwamba nikikosea mara moja tu, nimekwisha, maana kulikuwa na mtu aliyesema yule aliyepigwa risasi porini alikuwa Mtanzania na wanawatafuta wenzake. Sijui kama ilikuwa kweli. Mle ndani hakuna anayejua kitu ambacho ni kweli.

Basi nikasikia sauti ya mwanamke nje ya dirisha la waya. "Osward." Niliijua sauti. Ningeijua hata chini ya maji. Lakini nilijiambia ni mtego, wamemkamata mke wangu, wanamtumia kunitoa, au nina homa na nasikia mambo. Nikakaza macho sakafuni. Wenzangu wakageuka kunitazama mmoja mmoja, mimi nikatikisa kichwa kwamba simjui huyo anayeitwa.

Akaita tena. Sikuitika.

Nikasikia Amoni akimwambia kwa Kiswahili, twende shemeji, umejitahidi, si yeye. Nikasikia kandambili zikigeuka kwenye kokoto. Zilikuwa zangu, dada, zile ninazovaa nyumbani, moja imeshonwa waya kwenye kamba na inakwaruza chini. Zikaanza kuondoka. Hatua, kisha hatua. Nilikuwa nazisikia zikipungua, na bado mdomo wangu haukufunguka. Hicho ndicho kinachoniamsha usiku hadi leo. Si bunduki wala mto. Ni kwamba nilikaa pale nikiwasikiliza wakienda.

Kilichonifungua mdomo sijui ni nini. Nilisikia mtu akilia jina langu, kwa sauti kubwa, mara nyingi, Osward, ni mimi, Osward, Osward, na askari akakimbilia mlangoni akidhani nimepagawa. Nilipotambua kwamba sauti hiyo ni yangu, Fides alikuwa amesharudi dirishani, ameingiza vidole vyake kwenye waya.

Kaka yako,
Osward